Je, Wajua? Panya Hapulizi

Je, wajua kwamba panya haumi na kupuliza? Tumekua tukiambiwa kuwa akishakung'ata hukupuliza ili usishtuke usingizini. Hana ganzi mdomoni, wala hana huruma hiyo. Kisigino chenye sugu kina ngozi iliyokufa, isiyo na mishipa ya fahamu, hivyo panya anaweza kuguguna kitambo kabla hajafika penye uhai. Wanaoumia zaidi ni wagonjwa wa kisukari waliopoteza hisia miguuni: huamka asubuhi wakakuta shuka ina damu. Madaktari wa Dar es Salaam wamewahi kuandika kuhusu wagonjwa wa namna hiyo.

Uzushi wa pili huuzwa mchana kweupe. Muuza dawa hupita mtaani na kipaza sauti akiapa kuwa panya akila dawa yake atashikwa na kiu, atoke nje kutafuta maji, afie hukohuko. Laiti ingekuwa hivyo! Sumu nyingi za panya, tangu warfarini ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1948, huzuia damu kuganda. Mnyama huvuja damu ndani kwa ndani, akanyong'onyea kwa siku kadhaa, na mara nyingi hufia alikozoea kujificha: darini au nyuma ya kabati. Harufu itakuonyesha.

Kwa nini zisiue papo hapo? Kwa sababu panya hawezi kutapika. Chakula kigeni hukionja kidogo kwanza, na tumbo likimsokota hakigusi tena. Sumu ya polepole humpita ujanja.

Na chambo cha mtego? Jibini tuwaachie wachora katuni. Mtego uupake siagi ya karanga.

Na paka? Mwaka 2018 watafiti walitoa matokeo ya kamera walizotega kwenye kiwanda cha taka huko Brooklyn, New York. Kwa siku 79 paka waliua panya wawili tu. Panya mkubwa hupigana, na paka mwenye akili humkwepa. Kwa panya wadogo wa jikoni, paka bado ana kazi yake.

Hao wadogo hupenya tundu lenye upana wa penseli. Kwa hiyo ziba nyufa kwa saruji, au shindilia waya wa kusugulia sufuria, funika unga, na dawa isiyo na lebo usiiingize kabisa kwenye nyumba yenye watoto.