Kompyuta ndogo ya gemu: Ya kiwandani au ya kufungiwa na fundi?

MTEJA wa Moshi anataka kompyuta tano ndogo za gemu kwa ajili ya banda lake jipya karibu na stendi. Chumba ni kifinyu, meza ni nyembamba, na amesema wazi kwamba hataki makasha makubwa ya sakafuni yanayomeza vumbi na kupigwa mateke na vijana. Ametanguliza nusu ya fedha. Mfanyabiashara anapanda basi hadi Nairobi, anafika Barabara ya Luthuli, na duka la kwanza linampa njia mbili: achukue mashine tano zilizofungwa kiwandani, kila moja kwenye boksi lake, au anunue vipuri na fundi amfungie tano kufikia kesho jioni.

Huo ni mfano tu, lakini wanaobeba bidhaa za elektroniki kupitia Namanga, Holili, Busia au Mutukula wataitambua hali hiyo. Dukani, mazungumzo huishia kwenye kasi na bei. Kwa anayevuka mpaka kuna swali la tatu, na ndilo linaloamua faida: mashine ikifa baada ya miezi sita, itatengenezwa upande gani?

Udogo una bei yake

Udogo wa kompyuta hizi hupimwa kwa lita, kama ndoo. Kasha la kawaida la mezani hufika lita 40 na kuendelea. Makasha madogo huwa chini ya lita 20, na mengine hayafiki 10. Ndani yake hukaa ubao mkuu unaobeba vipuri vyote, ambao mafundi huuita mazabodi. Umbo linalotumika zaidi katika makasha haya ni mini-ITX, lililoletwa na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka 2001. Lina sentimita 17 kwa 17, kwa kawaida likiwa na nafasi mbili za memori na nafasi moja tu ya kadi ya grafiki.

Kwa mbebaji, udogo ni baraka. Mashine tano huingia mahali pa mbili, na kondakta wa basi hana sababu ya kudai nauli ya mizigo mikubwa. Lakini mazabodi ya mini-ITX mara nyingi ni ghali kuliko ndugu yake mkubwa, micro-ATX ya sentimita 24.4 kwa 24.4, hata kama uwezo wao unalingana. Ndivyo ilivyo pia kwa pawa saplai fupi aina ya SFX ikilinganishwa na ile ya kawaida ya ATX. Zaidi ya bei, vipuri vya kawaida hupatikana karibu kila mji wenye fundi wa kompyuta, ilhali vile vifupi huenda vikalazimu safari ya kurudi Nairobi au Dar es Salaam.

Mvuto wa boksi moja

Mashine ya kiwandani ina sifa ambazo mfanyabiashara hapaswi kuzidharau. Ni bidhaa moja yenye namba moja ya utambulisho, risiti moja na waranti moja. Mara nyingi huja na leseni halali ya Windows, gharama ambayo wanaofungiwa na fundi husahau kuipigia hesabu. Imejaribiwa ikiwa kamili, kwa hiyo hakuna kubishana kama tatizo ni memori au ni mazabodi. Muuzaji aliyeiuza ndiye anayebanwa.

Kuna nyakati pia ambapo kiwanda hushinda hata kwa bei. Kati ya mwaka 2020 na 2022, kadi za grafiki ziliadimika duniani kwa sababu ya janga la korona na wachimbaji wa sarafu za kidijitali. Kompyuta nzima ya kiwandani wakati mwingine ilikuwa nafuu kuliko kununua vipuri kimoja kimoja, kwa sababu viwanda vikubwa vilipata mgao wao mapema.

Mtego uko ndani ya boksi. Kompyuta ndogo za kiwandani zipo za aina mbili, na kwa nje si rahisi kuzitofautisha. Aina ya kwanza hutumia vipuri vya kawaida: mazabodi ya mini-ITX, pawa saplai ya SFX na kadi ya grafiki inayochomoka. Hii ni sawa na ya fundi, ila imefungwa na kiwanda. Aina ya pili ni ile iliyotengenezwa kama laptop isiyo na kioo. Prosesa na chipu ya grafiki zimelehemiwa kwenye ubao, feni ina umbo lake lenyewe, na umeme hutoka kwenye chaja ya nje. Chipu ya grafiki ikiungua, umepoteza mashine nzima. Chaja yenyewe, ikiwa ni ya wati 200 au zaidi, haipatikani katika kila duka la chaja za laptop.

Aina hii ya pili inaongezeka. Intel iliuza kompyuta zake ndogo za NUC kwa takriban muongo mmoja, kisha Julai 2023 ikatangaza kuacha kuwekeza katika biashara hiyo, na ASUS ikapewa leseni ya kuiendeleza. Novemba 2025, kampuni ya Valve ya Marekani nayo ilitangaza Steam Machine, kompyuta ya gemu yenye umbo la mche wa takriban sentimita 16, ambayo memori na diski yake vinabadilishika lakini chipu ya grafiki haibadilishiki.

Kwa bidhaa hiyo ya Valve na zinazofanana nayo, mwenye banda la gemu ana jambo lingine la kuuliza: mfumo wake ni Linux, si Windows. Gemu kama Fortnite na matoleo mapya ya soka ya EA Sports FC hayachezeki humo kwa sababu programu zao za kuzuia udanganyifu hazikubali Linux. Banda la Moshi lisilo na mpira ni banda tupu, labda mwenyewe aweke Windows kwa gharama yake.

Fundi na mifuko yake saba

Upande wa pili ni fundi. Anayenunua vipuri anapata kasha, mazabodi, prosesa, memori, diski ya SSD, pawa saplai na kadi ya grafiki. Hizo ni bidhaa saba, na huenda ni maduka matano. Faida yake kubwa ni kwamba kila kipuri kinasimama peke yake. Pawa saplai ikifa, inabadilishwa hiyo tu. Baada ya miaka mitatu mwenye banda akitaka nguvu zaidi, anabadilisha kadi ya grafiki na kuuza ya zamani.

Ugumu wake uko katika vipimo. Kwenye kasha kubwa karibu kila kitu huingia, lakini kwenye kasha la lita 10, kadi iliyozidi urefu kwa sentimita moja ni hasara. Kipoza joto cha prosesa nacho kina kimo chake cha mwisho. Kwa hiyo mnunuzi anaanza na kasha, anaandika urefu wa kadi na kimo cha kipoza joto vinavyoruhusiwa, ndipo anaenda kutafuta vingine.

Waranti nazo ni saba. Mashine ikizima yenyewe, muuzaji wa mazabodi atamtaja wa pawa saplai, na wa pawa saplai atamtaja wa memori. Tiba yake ni kununua vyote kwa muuzaji mmoja hata akizidisha bei kidogo, na kuiacha mashine ikicheza gemu nzito kwa saa moja dukani kabla ya kulipa salio.

Kadi za grafiki za mtumba zinahitaji macho zaidi. Septemba 2022, mtandao wa Ethereum uliacha mfumo wa kuchimba sarafu kwa kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikaingia sokoni. Si zote ni mbovu, lakini feni zake zimechoka. Kadi isiyoruhusiwa kujaribiwa isinunuliwe.

Njia ya tatu

Wenye mtaji mdogo wana njia ambayo maduka ya mashine mpya hayaipigii debe: kompyuta nyembamba za ofisi za mtumba, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk, zikiongezewa kadi fupi ya grafiki. Pawa saplai zake ni za takriban wati 200, kwa hiyo kadi lazima iwe ile inayotosheka na umeme wa nafasi yake kwenye mazabodi, ambao kikomo chake ni wati 75. GTX 1650 ya mwaka 2019 na RTX 3050 ya gigabaiti 6 ya mwaka 2024 zina matoleo mafupi yanayotimiza sharti hilo.

Mashine hizi huchezesha mpira na gemu nyingi za kawaida, ila zina masharti mawili. Kwanza, Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inahitaji, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Mashine ya kizazi cha sita au cha saba inayouzwa kwa bei ya kutupa ina sababu ya kutupwa. Pili, nyingi hutumia pawa saplai na mazabodi za umbo la kampuni yenyewe. Anayenunua tano na anunue ya sita ya kuchinjia vipuri.

Mpakani hesabu hubadilika

Chini ya viwango vya pamoja vya ushuru wa forodha vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kompyuta hutozwa ushuru wa asilimia 0. Wengi husikia hilo na kudhani hakuna cha kulipa. Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ni jambo jingine. Kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16 Kenya, na asilimia 18 Tanzania, Uganda na Rwanda, na kila nchi ina orodha yake ya misamaha. Wakala wa forodha aulizwe kabla ya safari.

Hapo ndipo tofauti ya boksi moja na mifuko saba inapoonekana. Bidhaa inayosafirishwa nje kwa nyaraka kamili hutozwa VAT ya asilimia 0 katika nchi inayotoka. Aliyenunua kwa muuzaji mmoja, kwa risiti moja inayoonyesha kuwa mzigo unakwenda nje, anaweza kuomba utaratibu huo. Aliyezunguka maduka matano akilipa rejareja ameshalipa VAT ya Kenya, na anakaribia kulipa ya Tanzania juu yake.

Vipuri vilivyo mbalimbali pia husomwa kila kimoja kwa kifungu chake. Pawa saplai, kwa mfano, iko katika sura ya vifaa vya umeme, si ile ya kompyuta. Ni rahisi zaidi kuifunga mashine Nairobi na kuitangaza ikiwa kamili. Lakini kadi nzito ya grafiki ichomolewe kwa safari na kufungwa kwenye sponji, kwa sababu matuta ya barabarani huweza kupasua nafasi yake kwenye mazabodi.

Na cheti cha uasili wa bidhaa kilichorahisishwa, ambacho wafanyabiashara wadogo hukitumia kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani? Hicho ni cha bidhaa zenye asili ya Jumuiya. Kompyuta ya China haibadiliki kuwa ya Kenya kwa kukazwa skrubu Luthuli. Kanuni za uasili za Jumuiya hazihesabu kuunganisha vipuri kwa njia rahisi kuwa ni uzalishaji.

La mwisho ni kurudi. Mashine ya waranti inayopelekwa Nairobi na kurejea Moshi inavuka mpaka mara mbili. Namba yake ya utambulisho isipoandikwa kwenye nyaraka wakati wa kutoka, ni vigumu kuthibitisha wakati wa kurejea kwamba si mzigo mpya. Waranti ya mwaka mmoja isiyo na tawi upande wa mteja ni ahadi inayodai nauli.

Mashine tano za Moshi

Basi achague ipi? Kwa mteja anayetaka mashine moja ya nyumbani, asiye na fundi na asiyetaka habari za vipuri, ya kiwandani inamfaa, mradi ni ile ya vipuri vya kawaida. Mfanyabiashara aombe ifunguliwe dukani. Akiona pawa saplai ya SFX na kadi inayochomoka, anunue. Akiona ubao mmoja na chaja ya nje, apunguze bei kwa kiasi cha hatari anayoibeba, au amweleze mteja wazi kabla ya kupokea fedha.

Kwa banda la mashine tano, hesabu inaelemea kwa fundi. Mashine tano zinazofanana kwa kila kipuri ni stoo inayojitegemea: pawa saplai moja ya akiba huzilinda zote, na ikitokea mazabodi imekufa, mashine hiyo inakuwa ghala la vipuri vya nne zilizobaki. Umeme ukirukaruka, pawa saplai ndiyo huumia mapema, kwa hiyo ndiyo iwe kipuri cha kwanza cha akiba, na stebilaiza iingie kwenye bei tangu mwanzo. Na kama meza za banda zinaweza kuvumilia kasha la upana zaidi kidogo, mteja ashauriwe kuchukua micro-ATX. Atapoteza sentimita chache na kupata vipuri ambavyo fundi wa Moshi anavyo tayari.

Ushauri huo utolewe mapema, kwa simu, kabla ya basi kuondoka Moshi. Mfanyabiashara akishafika Luthuli na nusu ya fedha za mteja mfukoni, kinachomwongoza ni kile kilichopo dukani siku hiyo.