Kupimwa si kuchanjwa: karatasi ya munganga na maneno yake

Faili la kujiandikisha katika vyuo vikuu vya Kongo lina karatasi zinazojulikana na kila mtu aliyewahi kusimama mbele ya apariteri: diploma ya Serikali au hati inayoshika nafasi yake, cheti cha kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema, picha, na ile inayoitwa kwa Kifaransa « certificat d'aptitude physique ». Hapa kwetu watu huiita tu karatasi ya munganga. Mwanafunzi anayetoka Kailo kuja kujiandikisha Kindu huitafuta mwisho, baada ya zingine zote, kwa sababu inaonekana ndiyo rahisi. Makala haya yanaeleza karatasi hiyo inasema nini na inanyamaza juu ya nini, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi tunaosoma lugha.

Tuanze na jina. « Aptitude physique » ni uwezo wa mwili. Swali linaloulizwa ni kama mwili huu unafaa kwa masomo: unaona, unasikia, unasimama, hauugui waziwazi. Munganga anapima uzito na msukumo wa damu, anatazama macho, anasikiliza kifua, anatia sahihi na mhuri. Pahali pengine, tusifichane, mhuri hutangulia kipimo. Lakini hata pale kazi inapofanywa kwa uaminifu, jina la karatasi halitaji chanjo, na ugonjwa uliojificha hauonekani kwa kutazama macho. Hata hivyo wengi wetu tukishaipata tunasema: « Mambo ya afya nimemaliza. »

Nadhani sehemu ya tatizo iko katika kitenzi pima. Fundi cherehani anapima kitambaa, mama sokoni anapima mchele, Serikali inapima kiwanja, maabara inapima damu. Katika kazi zote hizo kinachopimwa kinabaki kama kilivyokuwa. Mchele haubadiliki kwa kupimwa. Kuchanja ni jambo lingine kabisa: anayechanjwa anatoka akiwa amebadilika, mwili wake umefundishwa kumtambua adui kabla hajafika. Halafu kuna kitenzi cha tatu, kinga, ambacho kinataja lengo lenyewe, yaani kuzuia kitu kisikupate. Vitenzi vitatu, na karatasi ya chuo inashughulika na kimoja tu.

Historia ya neno chanjo inafaa kukumbukwa. Chanja ni kukata au kupasua, tunachanja kuni. Mtu pia huchanjwa chale, dawa ikapakwa katika mikato ile, na desturi hiyo haijafa. Kutoka kwenye kitenzi hicho jina limepatikana kwa kugeuza irabu ya mwisho, sawa na tenda na tendo, pamba na pambo. Neno lilipopewa kazi ya hospitali lilifaa sana, kwa kuwa chanjo ya ndui ilitolewa kwa kukwaruza au kudonadona ngozi ya juu, na kovu lake wazee wetu bado wanalo mkononi. Kifaransa kilipita njia nyingine: « vaccin » linatokana na neno la Kilatini la ng'ombe, kwa sababu mwaka 1796 Edward Jenner alichukua usaha wa ndui ya ng'ombe kumkinga mtoto. Wao walitaja mnyama, sisi tulitaja wembe.

Leo matone ya polio hayakati ngozi ya mtu, na bado ni chanjo. Neno limepanuka. Lakini maana za zamani hazikuondoka, na hapo ndipo majibu yanapochanganyika. Muulize mzee « Umechanjwa? » anaweza kujibu ndiyo akimaanisha chale. Muulize kijana kama alipata chanjo, naye atasema alipigwa shindano (wengi hapa hatusemi sindano) na kumbe ilikuwa kwinini ya malaria. Dawa ya kutibu na dawa ya kukinga zimepita katika tundu moja. Swali lililokamilika lazima litaje ugonjwa: umechanjwa kwa ajili ya nini, ukiwa na umri gani, nani ana fishi yako?

Kwamba mwili wenye nguvu si mwili uliokingwa, mfano wake mkubwa uko Afrika ya Mashariki. Mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alikuwa na miaka 23, karibu na umri wetu, na aliambukizwa kwa kupanda gari moja na wagonjwa ili kumwonyesha dereva njia. Karatasi ya uwezo wa mwili angeipata bila shida. Alipona, na miaka mingi baadaye alifanya kazi ya kuhamasisha watu kuhusu chanjo ya polio, hadi alipofariki mwaka 2013.

Ndui ilitangazwa kumalizika mwaka 1980, na chanjo yake ikasimamishwa. Kwa hiyo kizazi chetu hakina kovu lile, wala kinga yake, ambayo ilisaidia pia dhidi ya mpox. Ugonjwa huu ulitambuliwa kwa mwanadamu kwa mara ya kwanza hapa Kongo, Basankusu, mwaka 1970. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura kwa sababu yake, baada ya aina mpya kuenea kutoka Kamituga, Kivu ya Kusini, na tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo chanjo ilianza kutolewa Goma. Kamituga ni jirani yetu. Oditwari iliyojaa, vitanda viwili chumba kimoja, nguo za kuazimana: mpox hupita kwa kugusana, na mwanafunzi ana mengi ya kugusa.

Chanjo nyingine nitazipita haraka. BCG tuliyopewa tukiwa wachanga humkinga mtoto dhidi ya kifua kikuu kikali, lakini kwa mtu mzima nguvu yake ni ndogo. Anayekohoa wiki mbili au zaidi aende kupimwa, na kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Chanjo ya homa ya ini aina ya B iliingia katika ratiba ya watoto wa Kongo mwishoni mwa miaka ya 2000, maana yake sisi wa miaka 24 tulipitwa. Homa ya manjano inahitaji dozi moja tu. Tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha yote, nacho huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya kuchanjwa, jambo ambalo msafiri wa dakika ya mwisho hugundua mpakani. Vyuo vingi vya Marekani hudai pia uthibitisho wa chanjo ya shurua, na wenzetu wanaopata nafasi huko huanza kumpigia mama simu kuuliza fishi ya utotoni iko wapi.

Upande wa vipimo, sisi wa Maniema tuna somo la nyumbani: malale. Jina linatokana na lala, lakini usingizi huja mwishoni. Mtu anaweza kubeba vijidudu hivyo miezi, hata miaka, akilima na kucheza mpira. Ndiyo maana timu za afya huwapima walio wazima pia, kwa kupapasa shingo na kutoa tone la damu. Bahati mbaya kipimo hicho kina kumbukumbu chungu. Wakati wa Wabelgiji kulikuwa na pasipoti ya afya, na asiyekuwa nayo alizuiwa kusafiri. Kupimwa kulikuwa kukamatwa. Nikisikia mtu akikwepa timu ya malale simwiti mjinga. Anakumbuka jambo ambalo babu yake aliliona.

Kwa sababu hiyo sitaki chuo kigeuze vipimo kuwa kizuizi kipya cha kuandikishwa. Virusi vya UKIMWI, kwa mfano, vina sheria yake ya tarehe 14 Julai 2008, inayowalinda wanaoishi navyo, na shuleni pia. Ninachotaka ni karatasi inayouliza vizuri. Ibaki na sehemu ya uwezo wa mwili, iongezewe mistari kwa Kifaransa na Kiswahili: ulichanjwa kwa ajili ya magonjwa gani, fishi iko wapi, unakohoa tangu lini, uliwahi kupimwa malale. Na majibu yabaki kwa munganga, yasifike kwa apariteri.

Kuandika mistari hiyo ni kazi ya kitivo chetu. Kiswahili chake kijaribiwe kwanza na watu wa Kailo, siyo na walimu peke yao. Halafu kuna Kilega, Kikusu na Kisongola: je, lugha hizi zinatenganisha kukatwa chale na kuchanjwa na munganga, au zina kitenzi kimoja kwa yote mawili? Wenzetu wanaorudi vijijini likizo hii wanaweza kuwauliza wazee, na kuandika majibu kama yalivyosemwa.