Steringi akifa, turudishiwe hela zetu?

NANI kasema steringi hafi? Kama na wewe msomaji wangu ulikulia kwenye vibanda vya video, sheria hiyo unaijua kuliko jedwali la kuzidisha. Steringi anaweza kula risasi ya bega, anaweza kutoswa mtoni akiwa amefungwa kamba, anaweza kupigwa mpaka damu zimtoke puani, lakini dakika ya mwisho lazima asimame awamalize maadui wote. Akifa yeye, hiyo si picha tena, ni hasara.

Basi bwana, Jumamosi iliyopita sheria hiyo ilizua kasheshe pale saluni ninaponyolea, Magomeni. Nimekaa kwenye kiti, upande wa kulia umeshanyolewa, wa kushoto bado msitu. Mara akaingia jamaa mmoja wa bodaboda, kanuna kama mtu aliyetoka kupigwa faini.

"Wamemuua James Bond," akasema, akajibwaga kwenye benchi.

Kinyozi akazima mashine. Nikajua leo natoka hapa na kichwa nusu.

Picha yenyewe ni No Time to Die, iliyotoka 2021, ya 25 katika ule mfululizo rasmi ulioanza na Dr. No mwaka 1962. Jamaa ndiyo kwanza ameiona wiki hii, kaingiziwa kwenye flashi kwa shilingi mia tano. Miaka yote hiyo Bond kabadilishwa sura, karushwa kwenye ndege, katishiwa papa, hajafa. Sasa anatokea Daniel Craig, anaachwa amesimama juu ya jengo kisiwani, makombora yanakuja, naye anayatazama kama mtu anayesubiri daladala.

"Si angekimbia!" bodaboda akalalamika. "Ana mbio yule!"

"Akimbie aende wapi, kaka?" akadakia fundi simu, ambaye meza yake iko mlangoni pale pale. "Hukuona ameshaingiwa na ile sumu? Akimgusa mwanamke wake, anakufa. Akimgusa mtoto wake, anakufa. Utakimbilia nyumbani ukaimalize familia?"

Huyu fundi simu ni mtu wa kuangalia picha mpaka majina yanayopita mwishoni. Kwake yeye hiyo ndiyo bora kuliko Bond zote, na sababu yake ilinikaa. Anasema zamani alikuwa anaangalia Bond bila wasiwasi wowote kwa vile anajua hafi. Alipomaliza hii ya mwisho akairudia Casino Royale ya 2006, ambayo alishaiona mara tatu, na safari hii moyo ulimdunda mwanzo mpaka mwisho. Yaani kifo cha picha moja kimezitia pilipili zile nyingine zote.

"Hayo maneno yako ya kisomi," bodaboda akamjibu. "Mimi natoa mia tano nikaone mtu anakufa? Kufa nakuona bure, barabara ya Morogoro."

Benchi likanyamaza kidogo. Mtu wa bodaboda akisema hivyo humbishii.

Kinyozi, ambaye kazi yake nyingine ni kuhakikisha ukimya hauzidi nusu dakika, akaleta habari za John Wick. Yeye anaapa kwamba mwishoni mwa sehemu ya nne, ile ya 2023, John Wick hajafa. Kama hukuiona, ni hivi: jamaa anapanda ngazi ndefu kwenda kanisa la Sacré-Cœur kule Paris, anapigwa, anabingirika mpaka chini, anapanda upya, anapigana kwa bastola alfajiri, halafu anakaa kwenye ngazi na kulala ubavu. Baadaye tunaonyeshwa kaburi.

"Kaburi tumeliona," kinyozi akasema, mashine mkononi kama hakimu. "Maiti je? Nani kaiona maiti? Na mbona 2025 kaonekana tena kwenye Ballerina, mzima kabisa?"

Fundi simu akamweleza taratibu kwamba mambo ya Ballerina yanatokea kabla ya hiyo sehemu ya nne, kwa hiyo kutoka baadaye siyo kufufuka. Wapi! Kinyozi akasema hizo ni janja za watengenezaji. Hapo na mimi nikaona hakuna wa kumtoa, maana shabiki wa picha akishaamua ni sawa na wa Simba au Yanga: marudio ya goli unamwonyesha, na bado anakataa.

Sasa akaingia dada mmoja anayesuka saluni ya pili, alikuja kuomba chenji. Chenji akaisahau. Yeye wiki hiyo alikuwa amerudia Titanic na binti yake, ambaye hakuwahi kuiona, na nyumba nzima walilia mpaka ugali ukapoa.

"Yule Jack hakuuawa na baridi," akasema. "Kauawa na uchoyo. Ubao ule wanalala wawili na mtoto katikati!"

Msomaji, ubishi huu una umri wa picha yenyewe, toka 1997, na umemfuata mwongozaji James Cameron kila anakokwenda. Hoja yake siku zote ni kwamba tatizo si nafasi, ni uzito: wakipanda wote wawili, ubao unazama. Lakini inaonekana maswali yalimchosha, maana 2023 kwenye kipindi kimoja cha National Geographic walitia watu kwenye maji ya baridi na ubao wa kuiga ule, wakajaribu ukaaji wa namna mbalimbali. Ikaonekana kuna namna ambayo Jack angeweza kudumu mpaka uokoaji ufike. Fundi simu alipolieleza hilo, dada akapiga makofi. "Si nilisema! Angejisogeza!"

Ni hapo nilipofanya kosa la kufungua mdomo. Nikawaambia mimi niliwahi kufichwa kifo cha steringi kwa miaka 14.

Turudi nyuma. Ni mwaka 1989, niko darasa la nne. Bara hatuna stesheni hata moja ya televisheni, zilikuja kuanza 1994, na mwenye deki mtaani ni mfalme. Mjini kulikuwa na Empire, Avalon na Odeon, na kule Msasani kulikuwa na ile sinema ya kuangalia ukiwa ndani ya gari, palipo ubalozi wa Marekani leo. Lakini kwa mtoto wa Magomeni asiye na gari wala nauli, sinema ilikuwa kibanda cha mabati, dirisha limezibwa kwa gunia, mabenchi matano na joto la kuivisha mkate. Kiingilio shilingi kumi.

Aliyenizoesha kibanda ni kaka yangu, na ndiye aliyekuwa ananilipia. Mwaka ule akaugua, akafariki. Mama akawa ananipa hiyo shilingi kumi bila kuuliza ya nini, nikawa naenda peke yangu na kukaa benchi la mbele.

Mwenye kibanda ndiye aliyekuwa anatutafsiria. Anasimama pembeni ya televisheni na kijiti, anaongea kwa niaba ya kila mtu, mwanamume, mwanamke, hata farasi. Kihindi alichojua sidhani kama kilizidi maneno kumi, lakini hatukuwahi kupungukiwa. Kazi ya namna hiyo ndiyo baadaye akina Lufufu waliifanya ijulikane sana, kwa kuingiza sauti zao kwenye mikanda yenyewe. Wa kwetu alikuwa wa mtaani tu.

Siku hiyo akaleta Sholay. Hii nayo ni picha ya 1975, wezi wawili marafiki, Veeru ambaye ni Dharmendra na Jai ambaye ni Amitabh Bachchan, wanakodiwa na mzee aliyekatwa mikono yote miwili na jambazi Gabbar Singh. Jai si mwongeaji. Kila wakibishana lipi la kufanya, anarusha sarafu, na sarafu ndiyo inaamua. Jioni anapuliza kinanda cha mdomo akimtazama Radha, mkwe wa yule mzee, mjane kijana aliyevaa nyeupe, akizima taa moja moja. Hawaambiani kitu. Hata sisi watoto tulielewa bila kutafsiriwa.

Tukafika darajani. Risasi zimekwisha, Jai na Veeru wamezidiwa, sarafu ikarushwa: Veeru aende kuleta risasi, Jai abaki awazuie maadui. Jai akapigwa. Mwenye kibanda akaruka, akasimama mbele ya televisheni, akatupa mgongo. "Mkanda umeliwa! Tulieni, mkanda umeliwa!" Tukasikia deki linavuma. Alipotoka, Veeru alikuwa ameshamfikia Gabbar na mkong'oto unaendelea.

"Na Jai?" tukauliza kwa pamoja.

"Jai kapelekwa hospitali Bombay. Daktari kasema atapona."

Tukashangilia. Gabbar alipodhibitiwa, televisheni ikazimwa, kila mtu kwao. Nikarudi nyumbani najua kabisa kwamba Jai alipona na akamwoa Radha. Niliwasimulia hivyo mama, wenzangu darasani, na baadaye sana mchumba wangu.

Mwaka 2003 nikaiona kwenye diski, nyumbani kwa rafiki yangu Upanga. Nimeshaota ndevu. Jai akafia mikononi mwa Veeru. Kisha Veeru akaiokota ile sarafu, akaigeuza, akakuta pande zote mbili ni sawa. Haikuwa bahati hata siku moja. Jai alikuwa anaamua mwenyewe tangu mwanzo, na pale darajani aliamua abaki yeye ili mwenzake aondoke. Radha anakuwa mjane mara ya pili, safari hii bila hata kuolewa. Veeru anaondoka na treni. Nililia mbele ya watu, na sehemu kubwa ya kilio kile ilikuwa hasira.

Saluni ikagawanyika. Dada akasema mzee yule alifanya jambo la maana, mtoto wa darasa la nne unamwonyesha maiti ili iweje? Bodaboda akasema anamtafuta mtu kama huyo amtengenezee No Time to Die. Fundi simu akaweka bisibisi chini.

"Kakuibia," akaniambia. "Siyo kifo tu. Sarafu. Ukikata kifo umekata na sarafu, na bila sarafu hujamjua Jai ni nani. Uliona watu wanapigana, hukuiona picha."

Nikakosa la kujibu. Nikanyolewa upande uliobaki, nikaondoka.

Lakini maneno yale hayakunitoka. Siku ya pili, Jumapili, nikapanda gari kwenda Mbagala, ambako mzee wetu anaishi na binti yake siku hizi. Nilimkuta barazani, macho yanamsumbua lakini sauti ni ile ile ya kumwongelea Gabbar.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe si ndiye ulikuwa unakaa mbele unanizibia deki?"

Nikacheka, nikamuuliza moja kwa moja. Hakuona aibu hata kidogo. Akasema ilikuwa biashara, bwana mdogo. Siku ya kwanza, Ijumaa, aliionyesha yote. Watoto wakatoka wanalia, mama mmoja akamjia juu, na yeye akaona wazi kwamba picha ikiisha kwa msiba, kesho benchi ni tupu. Kwa hiyo Jumamosi akaanza kusogeza mkanda.

Nikadhani amemaliza. Akamwita mjukuu alete maji ninywe, halafu akaendelea, anaangalia barabarani.

"Na Jumamosi yenyewe ndiyo siku ya kwanza umekuja bila kaka yako. Nilikuona unavyoitoa ile shilingi kumi. Sasa mimi nikuonyeshe nini? Mtu anafia mikononi mwa mwenzake?" Akatikisa kichwa. "Baada ya hapo nikazoea. Kila nikiiweka, nasogeza."

Maji yalikuja, nikanywa. Nilikuwa nimekwenda na la kumwambia kuhusu sarafu, sikulisema. Nikamuuliza kitu kingine: pale alipotupa mgongo, uso wake si ulikuwa kwenye televisheni? Ina maana yeye aliona.

"Kila siku," akajibu. "Mkanda unakwenda mbio, kwa hiyo anakufa mbiombio. Mimi peke yangu ndani ya kibanda kizima."

Jumatatu nikapita saluni nikawasimulia. Dada akafuta macho kwa taulo la kinyozi, ambalo mimi nisingeligusa. Fundi simu alikaa kimya muda, akafungua simu ya mteja, akaifunga, kisha akasema anamheshimu sana mzee lakini msimamo wake ni ule ule, niliibiwa. Mimi mwenyewe hadi leo siku nyingine nakuwa upande wa fundi, siku nyingine upande wa mzee, inategemea nimeamkaje.

Bodaboda akanipa flashi yake nimwekee Sholay.

"Ila kaka, niandikie kabisa kwenye karatasi," akasema huku anavaa helmeti. "Jai anakufa dakika ya ngapi?"