Mwenye Alama za Juu Si Lazima Awe Mwalimu Mwema

Mwaka huu tena, na bado hatujafika hata zoezi la tatu, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fizikia hapa Kamina wamenijia na swali lile lile: ni yupi kati ya wakubwa wao aliyepata alama za juu kuliko wote, ili wamwendee awape mitihani ya zamani iliyokwisha kufanywa? Kwamba watu wanaosomeshwa kwa Kifaransa, katika ukumbi uliojaa hata madirishani, hutafuta wenzao wa kuzungumza nao kwa Kiluba na Kiswahili, si ajabu, na ni jambo jema. Linalonichosha ni itikadi iliyomo ndani ya swali, ya kwamba karatasi ya majibu ni hirizi, na kwamba aliyefaulu sana ndiye ajuaye kufundisha.

Tutazame jambo moja tu. Jiwe limerushwa juu wima. Lifikapo kileleni, mchapuko wake, yaani kiasi cha kubadilika kwa mwendo wake katika kila sekunde, ni kiasi gani? Wengi hujibu sifuri, kwa kuwa jiwe limesimama. Yule hodari wa mwaka wa tatu, ambaye hakumbuki tena kama aliwahi kutojua, husema: "Si sifuri, ni 9.8, andika." Mwanafunzi huandika, hupata alama, na ile sifuri yake hubaki salama salimini kichwani, ikingoja swali litakalokuja kwa sura nyingine. Lakini mwenzi aliyekwama papo hapo mwaka jana huuliza: "Kama mwendo ni sifuri, na mabadiliko ya mwendo nayo ni sifuri, jiwe litafanya nini baadaye?" Watu hunyamaza, kisha mmoja hucheka, kwani amekwisha kuliona jiwe lake likining'inia hewani bila kushuka.

Haya si maoni yangu peke yangu. Eric Mazur, msomeshaji wa Harvard, alistaajabu kuona wanafunzi waliotatua hesabu ngumu wakishindwa na maswali mepesi ya dhana, na tangu 1991 akawa akiwaacha wabishane wao kwa wao katikati ya somo. Na mwaka 1998 Richard Hake alipokusanya matokeo ya wanafunzi zaidi ya 6,000 wa Marekani, aliona kwamba waliofundishwa kwa hotuba tu walipata, kwa wastani, asilimia 23 ya yale waliyokuwa hawajayajua, ilhali walioshirikishwa katika mijadala na majaribio walipata asilimia 48. Karatasi ya majibu haimo katika hesabu hiyo.

Wenzi nao huweza kudhuru. Erasto Mpemba, akiwa shule ya Magamba huko Tanganyika mwaka 1963, aliona maziwa ya moto ya aiskrimu yakiganda kabla ya yaliyopoa. Akafanyiwa mzaha na wenzake, mpaka Denis Osborne, profesa wa Dar es Salaam, alipokubali kulijaribu jambo lenyewe, wakalichapisha pamoja mwaka 1969. (Wataalamu wangali wakilibishania, nalo si neno.) Mkubwa anayecheka swali afukuzwe kundini.

Basi, kwa ufupi, maana mengine ni mepesi: kundi liwe la watu wanne au watano, kiongozi awe amewatangulia mwaka mmoja, na alama za wastani zatosha, chaki ishikwe na anayejifunza, msichana asiachwe peke yake kati ya wavulana, wasilolijua waliandike wampelekee asistani, fedha isitajwe. Maabara ikiwa haina vyombo, fungeni jiwe kwenye uzi wa mita 1, mlibembeze kidogo, mpime mabembeo 20 ya kwenda na kurudi kwa simu: kila moja litachukua takriban sekunde 2, nanyi mtaipata ile 9.8 kwa mikono yenu.

Enyi wa mwaka wa pili, ambao mwakumbuka bado mlipokwama, kundi lenu lianze wiki hii, kabla ya mtihani wa kwanza.