Ngiri, Mshipa na Busha: Maneno Matatu Yasiyofaa Kuchanganywa

Miongoni mwa maswali yanayoletwa mara kwa mara na wafasiri wa maandishi ya tiba ni hili: je, ngiri na mshipa ni kitu kimoja? Tulipata kuletewa rasimu ya fomu ya idhini ya upasuaji, iliyokusudiwa wagonjwa wa pwani, ambamo neno *mshipa* lilitumika kwa maana tatu: ugonjwa wenyewe, mshipa wa damu, na kamba ibebayo mirija ya korodani. Mgonjwa aliyetakiwa kutia sahihi asingeweza kujua ni kipi kitakachokatwa. Makala haya yanakusudia kuyatenganisha maneno hayo.

Kutoka Pangani hadi Moa, mtu mwenye uvimbe wa kinena au wa korodani husemwa kwamba "ana mshipa". Matumizi hayo yana sababu. Pwani ya Tanga imesumbuliwa kwa muda mrefu na matende na mabusha, maradhi yatokanayo na minyoo midogo ienezwayo na mbu. Kampeni ya taifa ya kugawa dawa za ivermektini na albendazoli ilianzia Mafia mwaka 2000, na ikafika Mkoa wa Tanga mwaka 2004. Palipokuwa na mabusha mengi, kila uvimbe wa sehemu hiyo ulipewa jina moja. Kwa mazungumzo ya barazani jina hilo latosha. Kwa fomu ya hospitali halitoshi.

*Ngiri* ni hali ya sehemu ya utumbo, au mafuta yaliyo tumboni, kusukumwa nje kupitia mahali palipo dhaifu katika ukuta wa tumbo. Huitwa kwa mahali ilipotokea: ngiri ya kinena, ngiri ya paja, ngiri ya kitovu, na ngiri ya kovu, yaani iliyozuka palipopasuliwa zamani. Aghalabu huongezeka mgonjwa akikohoa au akiinua mzigo, na hurudi ndani akilala chali. *Busha* ni maji yaliyokusanyika katika ngozi laini inayozunguka korodani. Halirudi tumboni, na mara nyingi mwanga wa kurunzi hupenya ndani yake. Neno *mshipa* libaki kwa mishipa ya damu na ya fahamu peke yake.

Tofauti hii si ya wanalugha tu. Busha humtesa mtu na kumfedhehesha, lakini ni nadra kuua. Ngiri yaweza kuua. Utumbo ukikwama usiweze kurudi, hiyo ni *ngiri iliyokwama*. Ukibanwa hata damu isipite, sehemu hiyo huanza kufa katika muda wa saa chache. Wafasiri wengine wameiita hali hii "ngiri iliyonyongwa". Sisi twaona *ngiri iliyosongwa* yafaa zaidi, kwani kunyongwa humpeleka msomaji kwenye kamba na hukumu, hali kusongwa ni kubanwa hadi kukosa pumzi au nafasi. Maelezo kwa mgonjwa yataje dalili waziwazi: uvimbe mgumu usiorudi, maumivu makali, kutapika, na kukosa choo au hewa. Aliyeambiwa kwamba ana "mshipa", kama jirani yake mwenye busha la miaka kumi, huenda akangoja kesho. Mwenye ngiri iliyosongwa hana kesho ya kungoja.

Tukija kwenye matibabu, ngiri ya mtu mzima haiponi kwa dawa ya kunywa wala kwa mkanda. Ngiri ya kinena isiyomsumbua mwanamume yaweza kuangaliwa tu kwa makubaliano na daktari, nyingine hupasuliwa. Njia ni tatu:

(a) *Kushona ukuta.* Utumbo hurudishwa ndani, kisha misuli hushonwa pamoja. Mtaalamu wa Italia, Bassini, aliieleza njia hii katika miaka ya 1880. Kwa mtoto, kwa kawaida hutosha kufunga mfuko wa ngiri.

(b) *Kutia wavu.* Mahali dhaifu huzibwa kwa wavu, na misuli haivutwi kwa nguvu. Utafiti wa mashariki mwa Uganda uliochapishwa mwaka 2016 ulihusu wanaume 302; baadhi walitiwa wavu wa bei kubwa, wengine kitambaa cha chandarua kilichotakaswa. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilimrudia mtu mmoja tu, wa kundi la chandarua. Hata hivyo, katika fomu tuandike *wavu*, mgonjwa asidhani atatiwa chandarua cha kitandani.

(c) *Upasuaji wa matundu madogo*, ufanywao kwa kamera na vyombo vyembamba.

Fomu ieleze pia kama mgonjwa atapewa *nusukaputi*, yaani atalala kabisa, au *ganzi*, yaani atakuwa macho bila kusikia maumivu. Upasuaji wa busha uandikiwe fomu yake, kwani kinachoshughulikiwa hapo ni mfuko wa maji, si ukuta wa tumbo.

Hatusemi kwamba mzee wa Pangani aache kusema mshipa. Mwuguzi na amwulize kwa neno hilo hilo, kisha aandike ngiri au busha kadiri daktari atakavyoona. Walimu na wafasiri wenye majina mengine ya maradhi haya kutoka wilaya zao wanaombwa watuletee, pamoja na maelezo ya jinsi yanavyotumika.