Msimu wa kwanza asali, wa pili shubiri!

MPENZI msomaji, kuna watu wanaoamini katuni ni mambo ya watoto wadogo. Ukiwaambia kuna mtu mzima, kamaliza kidato cha nne, anakesha akitazama katuni za Wajapani, watakucheka mpaka mbavu ziwaume. Mimi ni mmoja wa hao wanaochekwa na wala sioni haya. Wiki hii nataka tuzungumzie katuni moja iliyoniacha hoi kwa utamu, halafu ikanitia hasira ambayo mpaka leo haijaisha.

Katuni hiyo inaitwa The Promised Neverland. Ilianza kama hadithi ya picha, zile ambazo wenyewe Wajapani huziita manga, katika jarida la Weekly Shonen Jump kuanzia mwaka 2016 hadi 2020. Mtunzi ni Kaiu Shirai na mchoraji ni Posuka Demizu. Jumla ni sura 181. Studio ya CloverWorks ndiyo iliyoitengeneza kwa ajili ya televisheni. Msimu wa kwanza ulitoka mwaka 2019 ukiwa na sehemu 12, na wa pili mwaka 2021 ukiwa na sehemu 11.

Kama hujaiona na unataka kuiona, basi ruka kaende ukurasa wa mapishi, maana mimi nitamwaga yote.

Kisa chenyewe ni hivi. Kuna nyumba nzuri ya watoto yatima, Grace Field. Watoto wanakula wakashiba, wanacheza, wanafanya mitihani kila siku, na wanalelewa na mwanamke wanayemwita Mama, jina lake Isabella. Siku moja mtoto wa miaka sita, Conny, anaambiwa amepata wazazi. Anaondoka, lakini amesahau sungura wake wa kuchezea. Wenzake wawili, Emma na Norman, wanamkimbilia hadi getini kumpelekea. Jamani! Wanamkuta Conny ndani ya lori, maiti. Kumbe ile nyumba ni shamba, na wao ndio mifugo. Wanalishwa wanone ili waje kuliwa na mazimwi, na ubongo wa mtoto mwenye akili ndio mnofu wenyewe.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Huyu Mama anawajua watoto wote kwa majina na anawabusu kabla ya kulala, lakini anawatoa mmoja mmoja mpaka wakwishe.

Sasa sikiliza uhondo wa msimu wa kwanza. Hakuna bunduki, hakuna stelingi wa kurusha mateke. Karibu kila kitu kinatokea katika nyumba ile ile moja. Mama amemwokota yule sungura, kwa hiyo anajua kuna watoto walioiona siri. Watoto nao wanajua kwamba anajua. Na wote wanaendelea kutabasamu mezani! Nilikuwa nikitazama na mpwa wangu, yuko kidato cha kwanza, kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Mama akitembea tu kwenye korido, dogo ananishika mkono.

Na mwisho wake? Emma, Ray na wenzao wanavuka shimo kubwa kwa kamba, lakini wadogo wa miaka minne kushuka chini wanabaki, akiwemo Phil. Emma anaahidi kurudi kuwachukua. Ndipo tunapojua kwamba hata Isabella aliwahi kuwa mtoto pale pale, akatamani kutoroka akashindwa, na kwamba Ray ni mwanawe wa kumzaa. Anafungua nywele zake na kuwatakia heri. Mimi nililia, msinicheke.

Tukangoja miaka miwili. Msimu wa pili ulipofika, tulinunua bando na karanga.

Mwanzo haukuwa mbaya. Watoto wako msituni, wanakutana na Sonju na Mujika, mazimwi wasiokula watu wa mashambani. Baada ya hapo wakaanza kulipua. Kwenye manga kuna mtu mzima mmoja, Yuugo, aliyeishi peke yake shimoni miaka 13 akiwalilia wenzake waliokufa. Huyo hayumo kabisa. Kuna Goldy Pond, mahali ambapo mazimwi wakubwa huwawinda watoto kama swala, kwa starehe tu. Nako wamekuruka. Norman, tuliyedhani ameliwa, anarudi mapema mno kiasi kwamba hata hatujammaliza kumlilia.

Hebu tupige hesabu za shule ya msingi. Msimu wa kwanza ulichukua sura 37 kwa sehemu 12, yaani sura tatu hivi kwa kila sehemu. Zilibaki sura 144. Ukizigawanya kwa sehemu 11 unapata sura 13 kwa kila sehemu! Haziwezi kuingia. Kwa hiyo nyingine wakazitupa, nyingine wakazibadili, na safari yote kubwa ya mwisho ya Emma wakaionyesha kama picha za mnato zinazopita harakaharaka, utafikiri albamu ya harusi. Shirai mwenyewe alishiriki kwenye uandishi wa msimu huo, lakini katika sehemu mbili za mwisho jina lake halikuandikwa.

Yule Phil je? Walimfuata, ndiyo. Dogo akanitazama akauliza, "Mjomba, ndiyo hivyo tu?"

Wengine watasema filamu haiwezi kusubiri kitabu. Ni kweli kwamba Fullmetal Alchemist ya mwaka 2003 ilibidi itunge mwisho wake, kwa sababu manga ilikuwa haijaisha, na ndiyo maana mwaka 2009 wakaanza upya na kuifuata manga mpaka mwisho. Lakini hii ya kwetu, manga iliisha mwaka 2020, na msimu wa pili ukaanza Januari 2021. Mwisho ulikuwepo. Wamechemsha!

Ila ngoja nami nijiseme. Niliwahi kuandika hadithi ya mfululizo kwenye gazeti moja, silitaji. Toleo la tisa nikaambiwa malizia wiki ijayo, nafasi imepata tangazo. Nilikuwa na wezi wawili, msichana mmoja, na barua ambayo haijafunguliwa. Nikawaua wezi kwa ajali ya basi, msichana nikamwoza, barua nikaichoma moto. Pesa yangu nikala. Wiki ile mama muuza maandazi wa mtaani kwetu akanisimamisha. "Mwanangu, ile barua ilikuwa inasema nini?"

Sikuwa na jibu. Nilinunua maandazi manne nikaondoka.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Tazama msimu wa kwanza, ukiisha zima simu. Kisha tafuta manga uanzie sura ya 38, yote imo. Msomaji wa Shirai ana pa kwenda. Yule mama wa maandazi hana, ndiyo maana nimeanza kuiandika ile barua. Nitampelekea mwenyewe.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.