Ndege Ameanguka mu Kizimba: Ni Bawa ao Ni Hewa?

Labda na kwako kuko kizimba kimoja kimetundikwa pa baraza. Hapa Kampemba viko vingi. Ku Bel-Air, ku Bongonga, ku Kigoma, utakuta vijana na kanari wao wa rangi ya njano, yule mwenye kuanza kuimba mbele jirani hajaamka. Ni ndege wa kwetu, hakutoka Ulaya. Anaishi mu miti na mu mashamba ya Katanga, na uzito wake ni gramu 12 hivi. Weka kiberiti kilichojaa mu mukono wako: ni karibu vile tu.

Mwaka moja, mu mwezi wa saba, asubuhi na mapema, mutoto wetu wa pili akakuja mbio ku chumba chetu: «Papa, kuya uone! Ndeke iko chini, bawa yake ilivunjika!» Na kweli, kanari alikuwa chini ya kizimba, mudomo wazi, bawa la kuume linaning'inia. Kila mutu akatafuta mwenye kosa. Moja alisema ni paka ya jirani. Mwengine alisema ni kale katoto kanakosukumaka kizimba na fimbo. Mama yao peke yake alinyamaza. Alikuwa anaangalia watoto, hapana ndege. Kisha akauliza: «Na mweye, kichwa inabaluma?» Wawili wakajibu ndiyo. Mudogo alikuwa na kichefuchefu.

Musomaji, umekwisha kuelewa? Usiku ule baridi ilikuwa kali. Unajua namna Lubumbashi inakuwa mu mwezi wa sita na wa saba, usiku joto linashuka chini ya digri 10. Watoto waliingiza mbabula mu chumba, wakafunga mulango na dirisha, na wakaingiza kizimba pia, juu ya kuhurumia ndege. Makala yalikuwa mekundu, bila moshi. Walizani hakuna hatari.

Hapo ndipo tunakosea wengi. Makala yanapowaka mu chumba kilichofungwa, yanatoa hewa moja inaitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Inaingia mu damu na kukamata nafasi ya hewa nzuri tunayopumua. Mutu anaumwa kichwa, anasikia usingizi, miguu inalegea, na kama analala nayo mpaka asubuhi, anaweza kukosa kuamka. Ndege anaanguka mbele ya mutu, kwa sababu anapumua mbio zaidi, mwili wake ni mudogo, na mapafu yake yanakamata hewa wakati anaivuta na vilevile wakati anaitoa.

Sisi watu wa migodi tungepashwa kulijua jambo hili mbele ya wengine. Mu Uingereza, mwaka 1896, mugodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown ulilipuka. Munganga John Scott Haldane alichunguza maiti na kuona kama wengi hawakuuawa na moto wala mawe, ni hewa ile. Yeye ndiye alishauri wachimbaji washuke na ndege wadogo ao panya. Kanari akilegea na kuanguka pa kijiti chake, watu wanatoka mbio. Desturi ile ilidumu mu migodi ya Uingereza mpaka mwaka 1986, wakati mashini za kupima hewa zilikamata nafasi yake. Vizimba vingine vilikuwa na kachupa ka oksijeni juu yake, ili kumurudishia ndege pumzi. Wale wazee walipenda ndege wao!

(Na wewe kijana unayeshuka mu shimo kutafuta shaba ao kobalti: motopompe ya petroli inatoa hewa ileile. Usiishushe chini, hata kama maji yamejaa.)

Basi, kama unakuta ndege ameanguka, kwanza uliza kuhusu hewa. Fungua dirisha na mulango, toa watu wote inje, toa na ndege. Mutu mwenye kuumwa kichwa ao kutapika apelekwe ku hospitali, hata kama anasema «niko muzima». Kisha sasa uangalie bawa.

Usimuvute bawa kwa kulijaribu. Muache atulie, umutazame kwa mbali. Bawa moja likiwa chini kuliko lingine, lakini anaweza kulikunja, labda ameligonga tu wakati wa kuanguka. Kama limegeuka vibaya, limevimba, ao mufupa unaonekana, limevunjika. Damu ni jambo la haraka: kandege ka gramu 12 kako na damu ya matone 20 ao kidogo zaidi. Matone sita, saba, ni mengi sana kwake. Finya pa kidonda polepole na kitambaa safi mpaka damu isimame.

Kumukamata, punguza mwangaza mu chumba, umufunike na kitambaa chepesi, umushike bila kufinya kifua. Ndege hana ule mushipa mukubwa wa chini ya mapafu kama sisi. Kifua chake kinapashwa kwenda na kurudi ndipo apumue. Ukikikaza na mukono, ao ukimufunga na bendi ya nguvu, unamuziba pumzi. Na plasta ya kunata inang'oa manyoya. Mimi nasema wazi: kazi ya kufunga bawa uiachie munganga wa nyama. Hapa Lubumbashi, Chuo Kikuu kiko na fakulte ya waganga wa nyama, hatuna sababu ya kubahatisha.

Mukiwa munangoja, mutafutie kartoni yenye matundu madogo, kitambaa chini, mwangaza kidogo, kelele hapana. Joto ni la lazima: chupa ya maji ya moto, izungushie kitambaa, uiweke upande moja tu, ili akisikia joto likizidi asogee upande mwengine. Chakula na maji uviweke chini, karibu naye, ulezi na mbegu za majani alizozoea. Maji yawe mu kifuniko cha chupa, asizame. Usimutie maji mu mudomo kwa nguvu, yanaweza kuingia mu mapafu. Na dawa ya watu, aspirini ao nyingine, hapana kabisa. Nilisikia pia wenye kupakaa petroli pa kidonda. Mutu mwenye kufanya vile ajipakae yeye mwenyewe kwanza.

Mufupa wa ndege mudogo unashikana mu wiki mbili, tatu hivi, kama anatulia. Kwa hiyo watoto wasimutoe kila saa kumuonyesha marafiki. Maganda ya yai, yaliyochemshwa na kusagwa, yanamusaidia. Vijiti uviweke chini kabisa, kisha umupandishie kimoja kimoja kadiri anavyopata nguvu. Wengine hawaruki tena. Wale wanaweza kuishi vizuri mu kizimba kipana cha chini, chenye matawi ya kupandia kama ngazi. Usimufungulie mu miti, paka hatamuhurumia.

Wetu hakuwa amevunjika. Munganga alisema ameligonga. Siku ya ine alikunja bawa, wiki ya tatu alipanda ku kijiti cha juu, na mupaka leo linashuka kidogo akichoka. Watoto walipata hewa na matunzo siku ileile, kichwa kikaisha. Mbabula sasa inawashwa inje na kulala inje, na kama baridi inazidi tunaongeza mablanketi. Mudogo bado analalamika kwamba miguu yake ni baridi. Mama yake alimushonea soksi mbili.